Pwani za Japani Zinavyoimbwa, na Kivuko cha Kigongo Kisicho na Wimbo

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisikiliza nyimbo za pwani ya Japani, zile ambazo kila moja imefungamana na rasi, mlango wa bahari, kisiwa au soko lake, kiasi kwamba ukiliondoa jina la mahali wimbo wenyewe haubaki na pa kusimama. Ninafundisha kwaya hapa Mwanza, na kazi hiyo imenizoesha kuuliza kila wimbo unasema nini na umejengwaje. Nyimbo hizi haziisifu nchi yao kwa kupanga sifa, zinataja. Zinataja samaki, upepo, stesheni, aina ya wavu na saa ya usiku, kisha zinamwachia msikilizaji afike kwenye fahari kwa miguu yake mwenyewe. Sisi wa ukanda huu wa ziwa tunazo nyimbo nyingi za kuisifu Mwanza, na baadhi yake nazipenda, lakini nyingi zinaishia kwenye uzuri wa jiji na ukarimu wa wenyeji, maneno ambayo ukibadilisha jina yangeweza kuimbwa Tanga au Mbeya bila mtu yeyote kushtuka.

Wimbo unaostahili kutangulia ni Soran Bushi wa Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini. Uliimbwa na wavuvi wa heringi kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa hicho, ambako kila theluji ilipoanza kuyeyuka samaki hao walisogea ufukweni kwa makundi makubwa ili kutaga mayai, na vibarua walivuka bahari kutoka mikoa ya kaskazini ya kisiwa kikuu kuja kuajiriwa kwa msimu. Mwaka 1897 Japani ilivua karibu tani milioni 1 za heringi. Sehemu kubwa haikuliwa. Ilichemshwa kwenye masufuria makubwa, ikakamuliwa mafuta, na masalia yake yakakaushwa kuwa mbolea iliyosafirishwa kwa merikebu hadi mashamba ya pamba na mpunga ya kusini. Matajiri wa uvuvi huo walijenga nyumba kubwa za mbao, na baadhi yake bado zimesimama na kutembelewa na watalii, lakini kwangu mimi urithi mkubwa zaidi waliuacha vibarua wao, kwa sababu ndio waliokuwa wakiimba.

Kazi ile ilikuwa na wimbo kwa kila hatua. Kulikuwa na wimbo wa kupiga makasia kuelekea kwenye wavu, wimbo wa kuuvuta wavu, wimbo wa kuwateka samaki kutoka wavuni na kuwatia chomboni, na wimbo wa kuupiga wavu kwa fimbo ili kuyang'oa mayai yaliyogandia kwenye nyuzi. Soran ni wimbo wa kuteka. Walitekea kwa wavu wa mfuko wenye mpini mrefu, na mfuko huo ukijaa heringi mtu mmoja hauwezi, hivyo ilibidi wanaoushika na wanaouvuta wapumue pamoja. Mwimbishaji hutoa mstari, kundi huitikia, na nguvu ya mikono huangukia kwenye kiitikio. Ndiyo maana viitikio vyake ni vifupi, vikiwa na mkazo pale hasa ambapo mgongo unanyooka. Beti nyingi zilitungwa papo hapo, nyingine zikiwa za utani wa wanaume waliokaa mbali na wake zao kwa muda mrefu. Katika ubeti mmoja unaojulikana sana mvuvi anamuuliza shakwe habari za heringi, naye shakwe anamjibu kwamba yeye ni ndege wa kupita tu, ayaulize mawimbi.

Kwa tuliosoma muziki kwa solfa, wimbo huo unatembea kwenye do, re, mi, so na la, bila fa wala ti. Nilipoupeleka kwa wanakwaya wangu, waliokulia Usukumani waliushika kwa sikio kabla sijaandika noti hata moja ubaoni. Sikushangaa, kwa kuwa nyimbo nyingi za Kisukuma za kulima na za ngoma, zile nilizozisikia tangu utoto, nazo zinajitosheleza kwa noti tano.

Katikati ya miaka ya 1950 heringi waliacha kuja kwenye pwani ile. Wavu wa mfuko ukakosa kazi, vibarua wakatafuta riziki kwingine, na kwa hesabu ya kawaida wimbo nao ulipaswa kufa. Haukufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa shule ya Wakkanai Minami, katika mji ulio kwenye ncha ya kaskazini kabisa ya Hokkaido, waliucheza Soran kwa mdundo wa kisasa uliorekodiwa na mwimbaji Ito Takio, na uchezaji wao ukasambaa hadi leo hii watoto wa shule za msingi kotekote nchini Japani wanaucheza kwenye siku za michezo. Anayeutazama uchezaji huo ataiona kazi yote: magoti yamekunjwa chini kama ya mtu anayejizatiti kwenye chombo kinachoyumba, mikono inavuta kamba isiyokuwepo, kisha mwili unageuka kurusha mzigo upande wa pili. Mtoto ambaye hajawahi kumwona heringi hai anaujua mwendo wa babu aliyemvua.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ziwa letu limepitia msiba wa namna hiyo. Sangara aliingizwa humu katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, waliokuwa samaki wa kila nyumba kwenye Ghuba ya Mwanza, walikuwa wamepungua vibaya na aina zao nyingi zimetoweka kabisa. Wazee wa Ukerewe wakikuhesabia samaki wa zamani utasikia furu, ningu na gogogo, na utasikia jinsi walivyokuwa wakipiga makasia kwa kuimba tangu kisiwani hadi kwenye nyavu. Ukiwaomba waimbe, wengi wanakupa mstari mmoja au miwili, kisha wanasema uliobaki ulikwenda pamoja na makasia yenyewe. Mashine ya kufungwa nyuma ya mtumbwi imewaondolea wavuvi adha kubwa na siwezi kuilaumu, lakini haihitaji mwimbishaji.

Hata hivyo haujaisha wote. Nenda Igombe asubuhi, katika msimu wa giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, pale mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake baada ya usiku kucha ziwani. Mtumbwi unapopandishwa mchangani wanaume hujipanga pande mbili, mmoja hutoa sauti, wengine huitikia, na mbao husogea kwenye kiitikio, si kwenye sauti ya kwanza. Aliye mbele huwa haimbi kwa nguvu kuliko wenzake. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayevuta kabla ya wakati. Huo ndio ufundi uleule wa Soran, na uko umbali wa safari fupi ya daladala kutoka katikati ya jiji. Sijui kwa nini watunzi wetu wanaoishi na jambo hili wanakimbilia kwanza kuimba kuhusu majengo.

Nyimbo za pwani za Wajapani zilisafiri pia, na zilisafiri kwa maji. Wimbo wa kisiwa cha Sado, Sado Okesa, una asili katika wimbo wa mabaharia wa Ushibuka, mji wa bandari ulio kusini kabisa, katika mkoa wa Kumamoto. Merikebu za matanga ziliubeba zikifuata pwani hadi ukatulia Sado na kubadilika tabia, ukawa wa polepole na wa huzuni kuliko mama yake. Esashi Oiwake, unaoimbwa Hokkaido kwa pumzi ndefu mno, ulianzia milimani kwa waongoza farasi wa mizigo, ukateremka baharini, ukapanda merikebu za biashara, na sasa mji wa Esashi unaendesha mashindano ya taifa ya wimbo huo mmoja tangu mwaka 1963. Watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kuimba wimbo uleule mmoja baada ya mwingine, na waamuzi wanasikiliza pumzi.

Mashindano, kwa maoni yangu, ndiyo yaliyozilinda nyimbo hizi kuliko makumbusho. Mji wa Kochi, kwenye pwani ya kusini ya kisiwa cha Shikoku, ulianzisha tamasha la Yosakoi mwaka 1954, wakati nchi ilikuwa bado inajiinua kutoka kwenye vita. Makundi hupita barabarani yakicheza na kugonga vibao vidogo vya mbao mikononi, na kila kundi lina uhuru wa kutumia roki, samba au chochote kingine, ilimradi ndani ya muziki wake kuna kipande cha wimbo wa zamani wa Yosakoi na wachezaji wanasonga mbele huku wamevishika vibao vyao. Mwaka 1992 jiji la Sapporo, huko Hokkaido, liliiga tamasha hilo na kuchukua sharti lilelile, isipokuwa kipande kinachotakiwa huko ni cha Soran. Napenda sana busara ya sharti hilo. Halimkatazi kijana kitu chochote; linamdai kipande kimoja tu cha babu zake, na akishakitoa anaachiwa barabara yote.

Sisi tunayo Bulabo. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hukutana Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji, na kushindana kwa ngoma hadi mshindi ajulikane kwa wingi wa watu aliowavuta. Ni ushindani wa kweli, wenye mbinu na nyimbo mpya kila msimu, na ngoma ya bugobogobo na majembe yake inaonyesha kazi ya shamba waziwazi kama Soran inavyoonyesha ya bahari. Ninachokitamani ni kwamba siku moja makasia nayo yaingie uwanjani. Msukuma ni mkulima na mfugaji, hilo linajulikana, na labda ndiyo sababu jembe limepata heshima ambayo kasia halikuipata. Lakini ukanda huu una Wakerewe, Wakara, Wajita na Wazinza pia, na ziwa ni la wote hao.

Kuna kundi jingine la nyimbo za Japani ambalo si la kazi bali la redio na televisheni, nalo lina mvuto wake. Mwimbaji Mizumori Kaori amejijengea jina kwa kuimba mahali baada ya mahali: matuta ya mchanga ya Tottori mwaka 2003, nyika za maji za Kushiro mwaka 2004, soko la asubuhi la Wajima mwaka 2008, visiwa vya Matsushima mwaka 2010. Karibu kila mara yupo mwanamke aliyeachwa, anayetembea peke yake mahali penye mandhari nzuri. Baadhi ya nyimbo hizo, niseme wazi, zinaacha alama ya mkono wa ofisi ya utalii, na huzuni yake ingeweza kuhamishiwa mkoa wa jirani bila hasara kubwa. Lakini wimbo wa Wajima nausikiliza tofauti tangu tarehe 1 Januari 2024, siku ambayo tetemeko kubwa lilipiga rasi ya Noto na moto ukateketeza eneo la soko hilo, ambako kwa vizazi vingi akina mama wamekuwa wakipanga samaki wabichi na wakavu kando ya barabara. Meza ziliungua. Jina la soko limebaki ndani ya wimbo, pamoja na saa ya asubuhi na harufu ya bahari, na wachuuzi walioanza tena kuuza katika miji mingine walikuwa na wimbo ambao tayari taifa zima liliwahi kuusikia.

Wimbo wa rasi ya Erimo, huko Hokkaido, una kisa cha aina nyingine. Mori Shinichi aliuimba mwaka 1974 na ukapata tuzo kuu ya rekodi nchini Japani mwaka huohuo. Ndani yake mtunzi anasema kwamba majira ya kuchipua huko Erimo hayana chochote, na wapo wenyeji ambao mwanzoni waliumizwa na kauli hiyo, jambo ambalo ni haki yao kabisa. Watu hao wanaishi mahali ambapo upepo mkali huvuma kwa zaidi ya siku 200 za mwaka. Misitu yao ilikatwa hadi ardhi ikawa jangwa, mchanga ukapeperushwa baharini na kuharibu mwani wanaoutegemea, na tangu mwaka 1953 wavuvi wenyewe, wake kwa waume, walipanda upya majani na miti hadi bahari yao ikasafika na samaki wakarudi. Kuambiwa na mgeni kwamba kwako hakuna kitu, baada ya jasho hilo, si jambo dogo. Lakini wimbo uliwafanya watu watake kwenda kupaona mahali pasipo na kitu, na leo jiwe la ukumbusho wa wimbo huo limesimama palepale rasini. Mimi naona mtunzi alikuwa mkweli kwa upepo, na ukweli huo ndio uliowafikisha wageni, ingawa ningefurahi zaidi kama angekaa kidogo na waliopanda ile miti.

Nimeuacha mwisho wimbo ninaoupenda kupita yote, ule wa majira ya baridi kwenye mlango wa bahari wa Tsugaru, kati ya kisiwa kikuu na Hokkaido, maneno ya Aku Yu, muziki wa Miki Takashi, ulioimbwa na Ishikawa Sayuri mwaka 1977 akiwa msichana wa umri wa miaka 19 hivi. Habari yake ni fupi. Abiria anashuka kwenye treni ya usiku iliyotoka stesheni ya Ueno jijini Tokyo, anafika Aomori theluji ikianguka, anatembea na umati wa watu wanaokwenda kaskazini bila kusema neno, wakisikiliza bahari tu, kisha anapanda meli na kuwatazama shakwe wanaotetemeka kwa baridi. Katika ubeti wa pili mtu asiyemfahamu anamwonyesha rasi ya Tappi kwa kidole, naye anapangusa ukungu wa pumzi kwenye kioo cha dirisha lakini haoni kitu vizuri. Hakuna mstari unaosema kwamba Tsugaru ni pazuri. Kuna stesheni mbili, meli, rasi na kioo.

Meli hiyo ilikuwa ya huduma ya kivuko kati ya Aomori na Hakodate, safari ya karibu saa 4. Mwaka 1954 meli ya huduma hiyo iitwayo Toya Maru ilizama katika kimbunga na watu zaidi ya 1,100 wakafa, msiba uliosukuma ujenzi wa handaki chini ya bahari. Handaki hilo, lenye urefu wa karibu kilometa 54, lilifunguliwa Machi 1988, na huduma ya kivuko ikafungwa. Msafiri wa leo anavuka Tsugaru ndani ya treni bila kuona maji. Lakini pale Tappi pana jiwe lenye kitufe, na mgeni akikibonyeza wimbo unapigwa kwa sauti kubwa kuielekea bahari ileile; na kule Aomori meli mojawapo ya zamani, Hakkoda Maru, imetiwa nanga ya kudumu kama makumbusho.

Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa maana ya Toya Maru. Tuna MV Bukoba ya Mei 1996 na MV Nyerere ya Septemba 2018, na kwaya zimewaombolezea waliokufa kwa nyimbo ambazo zinataja meli, mwezi na bandari, kwa sababu msiba haukubali kuimbwa kwa ujumla. Ninachojiuliza ni kwa nini safari zilizofika salama hatuziimbi kwa uangalifu uleule.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa, lenye urefu wa takriban kilometa 3 juu ya ghuba, na kivuko ambacho vizazi vimekitumia kwenda Sengerema, Geita na kwingineko kikaachana na njia ile. Nimelipita daraja na nimefurahi kulipita, kwani kila aliyewahi kukaa na mgonjwa kwenye foleni ya Kigongo anajua thamani yake. Wimbo wa kulisifu daraja upo na utaendelea kutungwa. Wimbo wa kivuko sijausikia, na muda unapita: mtoto anayezaliwa Busisi mwaka huu atakua bila kujua kwamba baba yake alikuwa akisimama kwenye maji ili aende mjini.

Kwa hiyo nimeanza kuutunga na kwaya yangu, kwa noti tano, mwimbishaji na kiitikio, kwa mwendo wa watu wanaovuta. Nimejiwekea sharti moja, kwamba neno “zuri” na neno “fahari” yasiingie ndani yake hata mara moja. Yaingie majina: MV Misungwi, MV Sengerema, MV Mwanza. Uingie mlango wa chuma unaposhushwa na kukwaruza zege, na kondakta anayewaambia abiria washuke wavuke kwa miguu, basi litawakuta ng'ambo. Waingie akina mama wenye beseni la samaki wa kukaanga waliopita dirisha kwa dirisha, wakijua basi lipi limetoka Bukoba na abiria wake wana njaa kiasi gani. Uingie upepo wa saa kumi jioni unaobadili rangi ya maji, na ile dakika ambayo injini inazimwa karibu na gati na watu wote wanaanza kuinua mizigo kabla chombo hakijagusa.

Ubeti wa wachuuzi bado haujakaa sawa, kwa sababu nataka kiitikio chake kiwe mwito wao wenyewe, kama ulivyoitwa pale dirishani, na kila ninayemuuliza ananiimbia kwa sauti tofauti. Walioita upande wa Kigongo hawakubaliani na walioita upande wa Busisi. Kama uliuza samaki, mayai, karanga au maji kwenye gati lolote kati ya hayo mawili, au mama yako aliuza, niandikie jinsi mwito ulivyokwenda, sauti ilipanda wapi na ilishuka wapi, nami nitauingiza kama ulivyo.